Question Time: Historia Fupi ya Kipindi Ambacho Raia Ndiye Anayeuliza

Usiku wa Septemba 25, 1979, BBC ilirusha hewani kwa mara ya kwanza kipindi cha Question Time. Jopo lilikuwa na watu wanne: Michael Foot wa chama cha Labour, ambaye mwaka uliofuata angekuwa kiongozi wa chama hicho, Teddy Taylor wa Conservative, mwandishi wa riwaya wa Ireland, Edna O'Brien, na Derek Worlock, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Liverpool. Mwenyekiti alikuwa Robin Day, mwanasheria aliyegeuka mtangazaji, miwani mizito usoni na tai ya kipepeo shingoni. Wakubwa wa shirika walikusudia kipindi hicho kiwe cha muda mfupi tu. Zaidi ya miaka 45 baadaye bado kinaenda hewani, na siku yake ya Alhamisi usiku Waingereza wengi wanaijua bila kuangalia ratiba.

Wazo lenyewe lilitoka redioni. Tangu Oktoba 1948 BBC ilikuwa na kipindi cha Any Questions?, kilichoanzia mji wa Winchester, ambacho kilikwenda kwenye kumbi za miji na vijiji na kuwaacha wenyeji waulize maswali. Siku zile utangazaji wa siasa ulibanwa sana. Kulikuwa na sheria ya siku 14, iliyoizuia BBC kujadili jambo lolote lililokuwa karibu kufika bungeni ndani ya wiki mbili, na kizuizi hicho hakikuondoka hadi nusu ya pili ya miaka ya 1950. Wanasiasa walihojiwa kwa unyenyekevu. Mwandishi alimuuliza waziri kama angependa kuongeza neno, waziri akaongeza neno, mambo yakaishia hapo. Robin Day, akiwa mtangazaji kijana wa shirika la habari la ITN kuanzia mwaka 1955, ni mmoja wa waliouvunja utaratibu huo kwa kuuliza swali la kweli, na kuliuliza tena pale lilipokwepwa. Mwaka 1957, miezi michache tu baada ya vita vya Suez, alimhoji Gamal Abdel Nasser jijini Cairo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekalishwa kwenye kiti cha Question Time, na akakikalia kwa miaka kumi.

Utaratibu wa kipindi ni rahisi kuueleza. Anayetaka kuhudhuria hujaza maombi na kueleza msimamo wake wa kisiasa, na watayarishaji huchagua watu ili ukumbi usijae wafuasi wa upande mmoja. Siku ya kurekodi, kila mmoja huwasilisha swali lake. Watayarishaji huchagua maswali machache, lakini wanajopo hawaonyeshwi. Waziri hulisikia swali kwa mara ya kwanza pale mwenye swali anapolisoma mbele yake, wakati mmoja na umma mzima uliomo ukumbini. Kurekodi hufanyika jioni hiyo hiyo, saa chache kabla ya kurushwa. Mwenyekiti anaweza kumrudia aliyeuliza na kumtaka aseme kama amejibiwa.

Hapo ndipo penye thamani yote ya taasisi hii. Mwandishi wa habari hodari anaweza kumbana waziri kwa takwimu, lakini waziri amekwisha kuandaliwa kwa takwimu hizo na wasaidizi wake. Asiloandaliwa ni maisha ya mtu aliyeketi safu ya tatu.

Mfano bora ni wa Aprili 28, 2005, wiki moja kabla ya uchaguzi mkuu. Viongozi wa vyama vitatu vikubwa walipokezana jukwaani mmoja mmoja, na Tony Blair, Waziri Mkuu, alikuwa mmoja wao. Serikali yake ilikuwa imeweka lengo kwamba mgonjwa aonwe na daktari wa mtaa wake ndani ya saa 48. Mama mmoja akasimama. Daktari alitaka amwone tena mwanawe baada ya wiki moja, lakini kliniki ilikataa kumpangia siku hiyo. Aliambiwa asubiri mpaka zibaki saa 48 ndipo apige simu. Ili kufikia lengo la serikali, kliniki zilikuwa zimeacha kupanga miadi ya mbele. Blair alionekana kushangaa, na akakiri kwamba jambo hilo hakuwa na habari nalo. Watu wengine ukumbini wakasema nao yamewakuta. Kwa dakika chache nchi nzima ikaona pengo kati ya ripoti inayofika mezani kwa mkubwa na kinachomkuta mwananchi kwenye simu ya kliniki. Hakuna kamati ya bunge ambayo ingelionyesha waziwazi kiasi kile.

Juni 2, 2017, mjini York, ilikuwa zamu ya Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo. Muuguzi alimweleza kwamba mshahara wake ulikuwa haujapanda tangu mwaka 2009. May alijibu kwamba fedha haziotei mtini. Uchaguzi ulikuwa siku sita mbele. Chama chake kilibaki kuwa kikubwa kuliko vingine lakini kikapoteza wingi wake bungeni, na jibu lile kwa muuguzi lilirudiwa mpaka siku ya kura.

Baada ya Day alikuja Peter Sissons mwaka 1989, kisha Januari 1994 David Dimbleby, aliyekaa karibu miaka 25, hadi Desemba 2018. Kwa muda wote huo ndugu yake, Jonathan, aliendesha Any Questions? redioni, hivyo nyumba moja ikashika vipaza sauti vyote viwili vya raia. Fiona Bruce alipokea kiti Januari 2019, mwanamke wa kwanza kukikalia moja kwa moja.

Zimekuwapo pia nyakati mbaya. Septemba 13, 2001, siku mbili tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ukumbi uligeuka uwanja wa hasira dhidi ya sera za Marekani, na Philip Lader, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani jijini London, akaonekana karibu kutokwa na machozi. Malalamiko yalizidi 2,000, na mkurugenzi mkuu wa BBC, Greg Dyke, akaomba radhi. Kisha Oktoba 22, 2009 akaalikwa Nick Griffin, kiongozi wa chama cha BNP cha mrengo mkali wa kulia, ambacho miezi michache kabla kilikuwa kimepata viti viwili katika Bunge la Ulaya. Waandamanaji walijaa nje ya kituo cha BBC, na watazamaji wakafika karibu milioni 8, idadi ambayo kipindi hakikuwahi kuifikia kabla. Nadhani BBC ilikuwa sahihi kumwalika, kwa kuwa aliyechaguliwa na watu anapaswa kuulizwa na watu. Ilikosea kuuacha usiku mzima uwe juu yake yeye. Angeulizwa habari za nyumba, ajira na shule kama wanajopo wengine, umaskini wa majibu yake ungeonekana wenyewe.

Kwetu Afrika kipindi kilifika katika wiki ya msiba wa Nelson Mandela. Desemba 12, 2013 kilirushwa kutoka Johannesburg, na miongoni mwa wanajopo walikuwamo Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa enzi za ubaguzi wa rangi, na Peter Hain, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Afrika Kusini na kuwa mwanaharakati mashuhuri dhidi ya utawala huo. Walikaa meza moja, na Waafrika Kusini wakawauliza.

Mbegu hiyo imeota kwingine pia. Ireland ilikuwa na Questions and Answers ya RTÉ kuanzia 1986 hadi 2009. Humo, Oktoba 1990, kijana mmoja katika hadhira alimuuliza Brian Lenihan, mgombea urais aliyekuwa akiongoza, kama aliwahi kumpigia simu Rais mwaka 1982 kumshawishi asivunje bunge. Lenihan akakana. Siku chache baadaye ukasikika mkanda wa mahojiano aliyofanya na mwanafunzi wa chuo, ambamo alikuwa amekiri. Alifukuzwa serikalini, na urais ukaenda kwa Mary Robinson. Australia ilikuwa na Q&A ya ABC, kuanzia 2008 hadi ilipofungwa mwaka 2025. Bangladesh ilipata Sanglap, Nepal ikapata Sajha Sawal. Kenya, mwaka 2012, ikapata Sema Kenya, kilichotayarishwa na BBC Media Action na kuongozwa na Joseph Warungu, kikizunguka nchini kuwakutanisha viongozi na wananchi kwa Kiswahili. Kilikuja wakati mwafaka, kwani Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, ilikuwa imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango, na Question Time ikaendelea bila watu ukumbini. Wanajopo walikuwapo, mwenyekiti alikuwapo, na mambo mazito ya kujadili hayakukosekana. Lakini kikawa kama mjadala wowote wa wanasiasa, mpaka hadhira iliporudishwa, kwanza kwa njia ya video.

Vituo vyetu vya umma, TBC ya Tanzania, KBC ya Kenya na UBC ya Uganda, vinalipiwa na wananchi wenyewe. Mijadala tunayo mingi, ila mara nyingi wanajopo huzungumza wao kwa wao, na mwananchi huachiwa dakika za mwisho za kupiga simu. Lipangeni jopo mbele ya watu wa Mpanda, wa Lodwar, wa Arua, na swali la mwananchi lisimfikie waziri kabla ya mwenyewe kulitamka. Akishajibiwa, mrudishieni kipaza sauti.