Bessie Coleman: mwanamke aliyejifunza Kifaransa ili arushe ndege

Kila tarehe 8 mwezi wa tatu akina mama wetu huvaa vitenge na kusherehekea siku yao. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1910, mwanamke mmoja wa Ufaransa, Raymonde de Laroche, alipata hati ya urubani. Alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuipata. Mwaka huo huo, Mbelgiji Hélène Dutrieu akapata yake. Leo lakini tunamzungumzia mwingine, aliyefungiwa mlango katika nchi yake mwenyewe: Bessie Coleman, Mmarekani mweusi.

Bessie alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, katika familia ya watoto 13. Walikuwa watu wa shamba, maskini, wakichuma pamba. Shule ya watoto weusi ilikuwa na chumba kimoja tu, na Bessie alitembea zaidi ya kilomita sita kwa miguu kuifikia. Wakati wa mavuno ya pamba ulipofika, masomo yalisimama, watoto wakaenda shambani. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliondoka, akamwachia mama mzigo wote. Bessie alifua nguo za watu, akaweka akiba, na mwaka 1910 akaingia chuo huko Oklahoma. Baada ya muhula mmoja pesa iliisha. Akarudi nyumbani.

Mwaka 1915 alienda mji wa Chicago, walikokuwa kaka zake, akapata kazi ya kupamba kucha katika duka la kinyozi. Kaka zake wawili walipigana vita vya kwanza vya dunia huko Ufaransa. Mmoja wao, John, aliporudi alimtania: wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, ninyi hamuwezi. Neno hilo lilimchoma Bessie. Akaanza kutafuta shule ya urubani, lakini Marekani nzima hakuna iliyomkubali, kwa kuwa alikuwa mweusi, tena mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Bessie hakujua Kifaransa. Alianza kukisoma hapo hapo Chicago, na mwezi wa kumi na moja mwaka 1920 akapanda meli.

Alifundishwa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, katika shule ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao, waya na kitambaa. Alimwona mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali, lakini hakuacha. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 1921 alipewa hati ya urubani, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kuipata.

Aliporudi kwao, aliishi kwa maonyesho: watu walilipa kiingilio wamwone akiizungusha ndege angani. Mwaka 1923 ndege yake ilianguka California, akavunjika mguu na mbavu. Alipopona aliruka tena. Huko Texas, waandaaji wa onyesho moja walitaka milango miwili, mmoja wa wazungu na mmoja wa weusi. Bessie akasema hataruka mpaka wote wapite mlango mmoja. Wakakubali, ijapokuwa ndani watu bado walikaa kwa kutengwa.

Alikuwa akitafuta pesa za kufungua shule ya urubani kwa watu weusi. Hakuifikia siku hiyo. Tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 1926, huko Jacksonville, Florida, spana ya fundi ilikwama ndani ya mashine ya ndege. Fundi wake, William Wills, ndiye aliyekuwa akiirusha. Bessie hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alikuwa akiinama kuchungulia uwanja ambapo angeruka kwa parachuti kesho yake. Wote wawili walikufa. Bessie alikuwa na miaka 34.

Mwaka 1929 William Powell alianzisha Los Angeles klabu ya urubani yenye jina la Bessie, na weusi wakajifunza humo. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kufika anga za juu, alibeba picha yake.

Kwetu mashariki ya Kongo, watoto wengi wamekatizwa masomo, si kwa sababu ya pamba bali ya vita. Bessie alitoka chuoni akiwa na miaka 18, akapata hati yake akiwa na 29. Kile Kifaransa alichokitafuta ukubwani, mabinti zetu wanakianza darasani wangali wadogo. Basi mzazi uliye kambini, ukiwa na daftari moja tu la kugawa kati ya mvulana na msichana, usimwambie msichana kwamba wakati wake umepita.