Kutoka ngoma ya Walokele hadi biashara ya ubongo
Walokele, wachuuzi wa mto Kongo, walipashana habari kwa ngoma ya mti. John Carrington wa misheni ya Yakusu, jirani na Kisangani, aliieleza katika kitabu cha 1949. Ngoma ilisikiwa na wote. Simu ikaleta faragha: leo familia iliyokimbia vita inapokea makuta, namba ya siri ikikaa kichwani.

Sasa kichwa chenyewe kinasomwa. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger alipima umeme wa ubongo wa mtu. Januari 2024 Neuralink ya Marekani ilipandikiza chombo kichwani mwa mgonjwa wa kwanza, naye akaongoza kompyuta kwa mawazo. Anayeweza hilo aweza pia kununua na kuuza. Ndugu zetu, siri ya makuta tutaificha wapi?