Mbegu za Mzee Ott

Nyanya asili yake ni Amerika, nazo zilivuka bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16. Baadaye nyingine zilirudi mikononi mwa wahamiaji. Mmoja wao, Michael Ott, alitoka Bavaria katika Ujerumani mwaka 1883, akaenda Marekani, naye alichukua mbegu za nyanya nene za rangi ya waridi. Mwanawe, Baptist John Ott, alizitunza katika bustani yake huko Iowa, na katika uzee wake akampa mjukuu wake Diane.

Diane na mumewe, Kent Whealy, wakatambua ya kuwa mbegu iliyo kwa mzee mmoja tu yaweza kufa pamoja naye. Basi mwaka 1975 wakaanzisha chama cha watu wapeanao mbegu za kale, kiitwacho Seed Savers Exchange, nacho kipo hata leo.

Nyanya za kale huzaa mfano wake, kwa maana ua lake hujichavusha lenyewe mara nyingi. Bali mbegu za nyanya chotara hazimfuati mama. Basi, msomaji, chagua tunda lililoiva la shina jema, kamua mbegu, ziache katika maji yake siku tatu, zioshe, uzianike. Kisha mpe jirani sehemu. Zako zikipotea, utazikuta kwake.