Saikolojia, kazi ya wapi?

Juzi mdogo wangu alitangaza nyumbani kwamba anataka kusoma saikolojia chuo kikuu. Mjomba akauliza: "Sasa mama, utaajiriwa wapi? Mirembe?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nikaona aibu, maana jibu nilikuwa nalo. Naliweka hapa.

Mwaka 1943, vita kuu ya pili imepamba moto. Alphonse Chapanis, kijana aliyetoka tu kupata udaktari wa saikolojia pale Yale, yuko kwenye maabara ya jeshi la anga la Marekani, Wright Field, Ohio. Kuna kitendawili: marubani wa ndege za B-17 wanatua salama kabisa, halafu ndege ikiwa bado inakimbia ardhini wanakunja magurudumu! Ndege inalalia tumbo. Ripoti inaandikwa: kosa la rubani.

Chapanis akaenda kukiangalia chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibao vya mabawa zimekaa bega kwa bega, zinafanana kama mapacha. Wenzao wa C-47, ambako havikupangwa hivyo, hawakuwa na tatizo hilo. Dawa yake? Kigurudumu cha mpira juu ya swichi moja, kipande chenye umbo la bawa juu ya nyingine. Basi. Mkono ukatambua hata gizani, na makosa yakaisha. Mpaka leo sheria za anga za Marekani zinadai maumbo hayo kwenye ndege kubwa.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones wakachambua makosa 460 ya marubani. Karibu nusu yalikuwa ya kushika kitu kimoja ukidhani ni kingine.

Na hizo namba za simu yako, 1-2-3 zikiwa juu? Zilipangwa baada ya majaribio ya idara iliyoongozwa na mwanasaikolojia John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg, katika maabara za Bell. Simu za vitufe zikaingia sokoni mwaka 1963.

Sasa nijiseme mwenyewe. Sisi waandishi tuna sentensi yetu tamu: "chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva." Nimeiandika mara ngapi bila kuuliza alikuwa anaendesha nini, kwa saa ngapi, akitazama alama gani ya barabarani? Dereva mara nyingi ameshakufa, hawezi kujibu.

Mjomba, ajira ndiyo hiyo: kuuliza swali la pili baada ya kila mtu kusema "uzembe". Mdogo wangu, jaza fomu.