Masika na samaki wa Kisii na Nyamira

Kaunti za Kisii na Nyamira hazipakani na Ziwa Victoria, lakini riziki ya wachuuzi wa samaki huko hutegemea hali ya ziwa hilo. Samaki wengi wanaouzwa katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii na katika masoko ya Nyamira hutoka kwenye fuo za Homa Bay na Migori.

Mvua za masika, ambazo hunyesha kati ya Machi na Juni, hubadilisha mambo. Mto Gucha, uitwao pia Kuja, huanzia milima ya Gusii na kumwaga maji yake ziwani baada ya kuungana na Mto Migori. Udongo wa mashamba huchukuliwa na mafuriko hadi huko. Aghalabu mkulima wa mlimani hukumbuka mbolea iliyosombwa tu, wala si maji yaliyochafuka mbele ya mvuvi.

Mito inapofurika, samaki kama ningu huacha ziwa na kupanda mkondo ili kutaga mayai. Desturi hiyo ndiyo iliyowaponza. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito katika karne ya 20 ziliwanasa kabla hawajazaa, na leo ningu ni adimu.

Katika miezi hiyo pia, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa upande wa Kenya ili samaki hao wazaane. Omena ni kitoweo cha wanyonge, kwa hiyo marufuku hiyo hugusa sufuria za wengi.

Vidimbwi vilitarajiwa kuziba pengo hilo. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita 300 za mraba. Kisii ina pia kituo cha Kegati cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, kinachoshughulikia ufugaji wa samaki.

Hata hivyo, baridi ya milimani haina huruma. Ngege hustawi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakipoa chini ya 20 hupunguza kula na hudumaa. Anayewalisha kama kawaida wakati huo anatupa fedha, kwani chakula kisicholiwa huoza na kumaliza oksijeni. Samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri, baada ya siku ya mawingu, wamekosa hewa.

Kambare huvumilia zaidi maji yenye hewa kidogo, ila hula vifaranga vya ngege. Udongo wa maeneo ya majani chai una asidi nyingi, hivyo chokaa hutiwa kabla ya kidimbwi kujazwa. Mtaro wa kuelekeza maji ya mvua kando nao huchimbwa mapema, kabla ya Machi, kwa sababu kidimbwi kikifurika usiku mmoja tu, samaki wa miezi minane huishia mtoni.