Uchujaji na Utakasaji: Istilahi za Maji ya Hodhi la Samaki

Neno uchujaji, ambalo aghalabu hutumiwa kutaja kila kazi ifanywayo na chombo cha kusafishia maji ndani ya hodhi la kioo lenye samaki na mimea ya maji baridi, limebebeshwa mzigo usio wake. Kwa maana kuchuja, kwa mazoea ya wasemaji wa lugha hii tangu dahari, ni kupitisha kiowevu katika kitu chenye matundu ili makapi yazuilike na kilichotakiwa kipite, kama afanyavyo mpishi akamuapo tui kwa kifumbu, na kazi hiyo, ijapokuwa ni ya lazima, siyo imlindayo samaki na mauti. Rai yangu ni kwamba tuwe na istilahi tatu mahali pa moja, yaani utuamishaji, uchujaji na utakasaji, nami nitazibainisha kwa maji ya Same na milima ya Upare, nchi ambayo wenyeji wake waliyatumikisha maji kwa akili nyingi kabla ya kuwapo mabomba.

Wapare huchimba mabwawa yaitwayo ndiva, ambayo hupokea maji ya vijito usiku kucha na kufunguliwa asubuhi ili yateremke kwa mifereji hadi mashambani. Na kwa vile maji yakitulia huangusha mchanga na tope yaliyokuja nayo, bwawa hupungua kina mwaka hata mwaka, ikawapasa wenye zamu kukusanyika kwa msaragambo walizoe tope lile. Huo ndio utuamishaji, na katika hodhi hutimia wenyewe pale taka zizamapo sakafuni. Ama uchujaji halisi, mfano wake ni Ziwa Jipe, kaskazini ya Same, mpakani mwa Kenya, ambako mafunjo na magugu ya jenasi Typha huyazuia matope yaletwayo na Mto Lumi na mmomonyoko wa milimani. Illa magugu hayo yameenea mno hata yakayasonga maji na kuwatatiza wavuvi, kwani kila kichujio, kadiri kinavyofanya kazi yake vyema, ndivyo kinavyoziba.

Lakini samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, nayo amonia ni sumu iliyoyeyuka, isiyotuama wala kunaswa na tundu lolote, na isiyoyabadili maji rangi. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi walikwisha kulitambua jambo la namna hii katika mlango wa tohara, waliposema kwamba maji machache, yasiyofikia kiasi cha kullatain, yaani mitungi mikubwa miwili, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama rangi, ladha na harufu yake hazikugeuka. Hodhi dogo li katika hukumu iyo hiyo: uchache wa maji ndio hatari yake, na wangavu si dalili ya salama. Kinyume chake twakiona katika vidimbwi vya msimu vya bonde la Mto Mkomazi, ambamo samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, ambao mayai yao hungoja mvua ndani ya udongo uliokauka, huishi na kung'ara rangi zao katika maji yenye tope usiloweza kuona kiganja chako ndani yake.

Kwa hiyo kazi ya tatu naiita utakasaji, na watendaji wake ni viumbe hai. Mnamo mwaka 1877 Schloesing na Müntz, wataalamu wa Ufaransa, walipitisha maji machafu polepole katika mchanga, wakaona amonia imegeuka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ikasimama, ikathibitika kwamba si mchanga ulioitenda bali wakazi wake. Kiasi cha mwaka 1890 Winogradsky akawatenga bakteria hao, wengine wakiigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache na ambayo mimea huila. Fauka ya hayo, mimea yenyewe huinyonya amonia moja kwa moja, hasa ile imeayo upesi kama Ceratophyllum demersum, na ndiyo sababu hodhi lenye mimea mingi halihitaji mtambo mkubwa.

Basi anayetaka hodhi la lita 40 hapo Same, apendekezewe chombo gani? Mimi humwambia achukue sponji iendeshwayo na pampu ndogo ya hewa, ambayo mapovu yake yapandapo katika bomba huyavuta maji yapite polepole ndani ya sponji, ikawa uchujaji na utakasaji vimekutana mahali pamoja. Mkondo wake ni mpole, haumchoshi samaki wa vidimbwini, na povu likiwa la kiasi haliifukuzi mno hewa ya kaboni itakiwayo na mimea. Mtambo wa kopo lililofungwa una nguvu zaidi, bali umeme ukikatika bakteria waliomo humaliza oksijeni na kufa, hali wale wa sponji wamo katika maji yaliyo wazi. Mkaa wa kuchujia si wa lazima. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, isizidi, la sivyo mwani utatamalaki.

Na ayajue maji yake: visima vingi vya tambarare vina chumvi na ugumu, ilhali vijito vitokavyo msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kwa kawaida vina madini machache, na kadiri maji yanavyozidi ualikali na joto, ndivyo amonia inavyozidi ukali. Asitie samaki upesi, kwa maana bakteria huchukua majuma 4 hadi 6 kutimia. Hatimaye sponji isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, ambayo huwaua watakasaji, bali ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa hodhini, kiasi cha kuondoa uzibo tu, kisha irudishwe mara moja.