Kipaji Kisichoandikwa

Karatasi ya mchezo wa kikapu naijua kama njia za mtaa wa Buyenzi, kwa sababu tangu ujana wangu nimekaa mezani pembeni mwa viwanja vya Bujumbura nikiiandika. Kushoto kuna majina ya vijana, na jezi namba 4 hadi 15 kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Mbele ya kila jina kuna visanduku vitano vya madhambi. Kulia ni safu ndefu ya pointi, ninazikata moja baada ya nyingine. Mechi ikiisha mwamuzi anatia saini, nakala zinachanwa: ya pinki kwa mshindi, ya njano kwa aliyefungwa. Kumbukumbu ya mchezaji wa lise, yaani sekondari yetu, inaishia hapo. Karatasi haikuuliza urefu wake wala umri wake, haikuhesabu mipira aliyoidaka chini ya ubao wala mitupo ya wapinzani aliyoizima.

Ndiyo maana nikisoma orodha za Wamarekani, zile zinazowapanga vijana wa sekondari kwa namba ili vyuo vikuu vijue nani wa kukimbiliwa, najiuliza kwanza nani alikuwepo kuandika. Kazi hiyo ilikua kutokana na uandishi. Katika miaka ya 1960, huko New York, Howard Garfinkel alikuwa akizunguka viwanjani, akimpa kila kijana alama kati ya moja na tano na kuwauzia makocha wa vyuo ripoti zake. Mwaka 1966 akaanzisha kambi ya Five-Star, vijana wakamfuata yeye. Kocha aliyeishi mbali alikuwa ananunua macho ya Garfinkel. Nyota tano zinazotajwa leo mtandaoni zinafuata desturi hiyohiyo.

Watoto wa ukanda wetu waliingia humo kwa mlango wa uani. Dikembe Mutombo, aliyesoma kwa Wajesuti katika Chuo cha Boboto, Kinshasa, alifika Georgetown mwaka 1987 akiwa na ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani na nia ya kuwa daktari. Alikuwa na miaka 21. Hakukuwa na nyota mbele ya jina lake. Miaka minne baadaye Denver ikamchukua akiwa chaguo la 4. Sifa yake kubwa ilikuwa kuzima mitupo, na kwenye karatasi yangu kazi hiyo haina hata kisanduku! Kama mwenzake mmoja alipita Bujumbura miaka hiyo, karatasi zote zilizobaki haziwezi kutuambia.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alionekana vizuri baada ya kufika shule moja ya Houston. Akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis ikamchagua wa 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry. NBA haikumwendea vizuri. Namtaja kwa heshima, maana hesabu ilikuwa ya wapimaji, lakini mzigo wa namba ile aliubeba yeye.

Jirani zaidi yetu ni Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma. Aliondoka mwaka 2016 akiwa mvulana mdogo, na miaka michache baadaye ESPN ilimweka wa kwanza katika kundi la mwaka 2021. Kutoka Goma hadi hapa Bujumbura ilikuwa safari ya siku moja ya barabara. Ni kuhamia Marekani kulikompatia namba.

Kwetu kuna kikwazo ambacho Garfinkel hakukijua. Vita ilipoanza Burundi mwaka 1993 mitaa ya Bujumbura iligawanyika. Kulikuwa na miaka ambayo kuvuka kutoka Kamenge kwenda Ngagara, mitaa inayopakana, kulikuwa kuhatarisha roho. Watoto wengi walizaliwa katika kambi za wakimbizi Tanzania, vyeti vikaandikwa baadaye. Msaka vipaji huuliza umri kabla ya yote, na mama anayejibu kwa kutaja msimu wa mvua haaminiwi. Kwa hiyo siku hizi, kwenye mechi za shule, nyuma ya karatasi naandika tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, urefu, rebaundi na mitupo iliyozimwa. Mkono unachoka, na baadhi ya walimu wa michezo wananiona nawachelewesha. Siachi.

Njia imeanza kufunguka bila kupitia Houston. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Kampala, alianza kikapu mwaka 2019. Akapita katika akademia ya NBA huko Saly, Senegal, na katika BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, mara ya mwisho akiwa na City Oilers ya Uganda. Mwaka 2024 akaenda Duke, mwaka 2025 akawa chaguo la 10. Ligi hiyohiyo ilikuja kutufungukia na sisi. Tarehe 9 Machi 2024, mjini Pretoria, Dynamo ya Bujumbura iliifunga Cape Town Tigers 86 kwa 73. Usiku ule nilisoma takwimu zote: rebaundi, pasi, dakika za kila mmoja wetu. Kisha timu ikakataa kuvaa jezi yenye tangazo la Rwanda, mechi mbili zilizofuata haikucheza, ikaondolewa. Siwalaumu wachezaji, siasa ilikuwa nzito kuliko wao. Ila hasara naiona kwa jicho la mwandishi wa meza: mechi moja tu ya klabu yetu iliingia katika vitabu ambavyo wapimaji wa dunia wanavisoma.